Ule mwani wa kijani tunaouambua na kuutupa: Japani wanaupakia kwenye vipaketi, Ufaransa umeua farasi

#1 Mwana_wa_Bamvua

Wakuu salaam.

Mwezi uliopita rafiki yangu baharia alishuka Dar kwa likizo akaniletea zawadi: kipaketi cha Kijapani, ukubwa wa kipaketi cha bizari, ndani yake unga wa kijani uliokoza. "Nyunyizia juu ya chakula," akasema, basi. Nikakata kona kwa meno, na kabla sijaonja nikabaki nimeduwaa. Ile harufu! Ilikuwa harufu ya kanga ya mama anaporudi shamba la mwani, kanga iliyoloa ikakaukia kiunoni. Nimekulia pwani ya mashariki ya Unguja. Harufu hiyo hata unifunge macho siikosei.

Paketi imeandikwa aonori. Nikaanza kuchimba, na nilichokikuta ndicho kimenifanya nifungue uzi huu. Aonori ni jamii ya ule mwani wa kijani ambao kina mama wetu wanauambua kwenye kamba na kuutupa, ule unaoota kwenye ngazi za gati hadi watu wanateleza na kuvunjika viuno. Jina lake la kitaalamu ni Ulva.

Tuelewane kwanza, maana Kiswahili chetu kinaita kila kitu mwani. Simaanishi spinosamu wala kotonii, ile ya kulimwa iliyoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu za Ufilipino. Ile ni jamii ya mwani mwekundu, hata kama machoni unaiona kahawia au kijani. Wala simaanishi nyasi bahari, zile ndefu zinazokukwaza miguu ukienda kuchokoa pweza. Zile zina mizizi na zinatoa maua kama mmea wowote wa shambani. Ninaousema mimi hauna mzizi. Una kishikizo cha kung'ang'ania jiwe, halafu jani, kwisha.

Jani lenyewe ndilo maajabu. Mwingine ni bapa, umekunjamana kama saladi; mwaka 1753 Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, aliuita Ulva lactuca, na hiyo lactuca ni saladi kwa Kilatini. Mwingine ni mrija, kama utumbo mwembamba wa kuku. Kwa muda mrefu wataalamu waliitenga hiyo mirija wakaipa jina lake la peke yake, Enteromorpha, mpaka vipimo vya vinasaba mwaka 2003 vikaonesha ni ukoo mmoja na Linnaeus alikuwa sahihi tangu mwanzo. Sasa chukua lile bapa ulinyanyue juani: utaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Unene wake ni seli mbili tu. Manda ya sambusa ni godoro mbele yake.

Rangi yake ni ya mchicha kwelikweli, klorofili zake ni zilezile mbili, ndiyo maana anahesabiwa ndugu wa karibu wa mimea ya nchi kavu kuliko hiyo spinosamu. Na ile harufu? Mwani huu unaweka ndani ya seli zake kitu chenye salfa. Ukipondwa, ukitafunwa au ukianza kuoza, kinageuka gesi, na gesi hiyo ni sehemu kubwa ya kile tunachokiita "harufu ya bahari". Inasemekana pia ni silaha: wale wenye miiba mirefu wanaotuchoma miguuni mwambani wakiuonja hawaufurahii sana.

Swali langu kwenu: humu kuna mtu wa pwani yetu aliyewahi kuula, au kumwona bibi au babu akiula? Maana kwetu sijapata kuona. Nimeuliza wazee watatu, wawili wamecheka, mmoja akaniuliza kama kazini wameacha kunilipa.

---

#2 Kiti_cha_Dirishani

Nimekaa pale. Chai na mihogo mkononi.

---

#3 Babu_Dema

Mkuu kula sijala, ila babu yangu alikuwa anawalisha wengine. Dema la tasi alikuwa analitia huo huo mwani wa kijani, anausokota kama fundo la nywele na kulifunga ndani. Nikamuuliza kwa nini asitie pweza au konokono, akanijibu, "Tasi ni mbuzi wa baharini, mbuzi umpe nyama?" Akitoa dema, mwani wote umekwisha, tasi wamejaa. Matumbo yao ukiyapasua ni kijani tupu na yananuka, ndiyo maana tasi asipotolewa matumbo mapema anaharibika.

Kwa hiyo tunaula siku zote, ila umeshapitia kwa tasi.

---

#4 Binti_wa_Paje

Nimemsomea mama yangu uzi huu akiwa anafunga mwani barazani. Haya ni maneno yake, mimi naandika tu:

"Mwambie huyo mwanangu kwamba huo anaousifia ndio adui yetu. Mimi nafunga kamba, naweka mbegu, taitai (vile vikamba vya kufungia) moja moja, mgongo unaniuma. Nikirudi bamvua la pili nakuta kamba imevaa sufi ya kijani, mbegu zangu ndani haziliangalii jua. Inabidi nishike kamba hivi, nivute mkono kutoka kigingi hadi kigingi niuambue wote. Vidole vinateleza kama nimeshika kambale. Tena ukiutupa pale pale, maji yakija unarudi kwenye kamba ya jirani, mnagombana. Leo aje aniambie ni chakula cha Wajapani! Kama ni mali, na aje aununue."

Mwisho wa kunukuu. Kasema pia nimuulize kwa nini ukingo wake siku nyingine unakuwa mweupe kama umemwagiwa jiki.

---

#5 Mwana_wa_Bamvua

Binti, mpe shikamoo yangu mama. Nimecheka lakini kaniumiza, maana mama yangu alisema maneno hayohayo.

Huo ukingo mweupe ndio siri yote. Mwani huu hauna maua wala tunda. Seli za ukingoni zinageuka mbegu, zinapasuka, zinamwaga vitu vidogo vyenye mikia vinavyoogelea: vingine mikia miwili, hivyo hutafuta mwenza, vingine mikia minne, hivyo hutua na kuota peke yake. Vikishatoka, seli zinabaki maganda matupu, ndiyo weupe anaouona. Kwa hiyo siku akiona weupe, ajue mbegu zimeshamwagwa na zinatafuta pa kutua. Kamba yake mpya ni kiwanja cha bure.

Na ndivyo kazi ya mwani huu ilivyo kila mahali. Ni mtu wa kwanza kufika. Jiwe likipinduliwa na wimbi, gati likijengwa, ngalawa ikikaa majini mwezi bila kukwanguliwa, anayetangulia ni yeye. Kwa kuwa ni mwembamba hivyo, mwili wake wote ni mdomo: unanyonya naitrojeni na fosforasi iliyoyeyuka majini kwa pande zote mbili, na unakua haraka kuliko mwani mnene unaojijenga polepole. Halafu wanakuja wa kuula. Tasi kama alivyosema Babu Dema, kaa wadogo, konokono, vijidudu kama kamba wadogo wanaoruka ukinyanyua fungu lake, na kasa pia huuchanganya na nyasi bahari. Kwenye mwamba mzima wenye walaji wa kutosha, hauwahi kuwa zulia. Unakatwa kila siku.

Jambo moja lilinishangaza: peke yake hawezi hata kujijenga. Maabara wakiusafisha bakteria wote, haupati sura ya jani, unabaki kijibonge cha seli zisizo na mpango. Kuna bakteria wanaokaa juu yake wanaotoa kitu kinachouambia uwe jani. Jani lile unaloliona ni kazi ya ushirika.

---

#6 Mzee_wa_Feri

Mleta uzi nakuheshimu ila usitulishe majani ya kinyesi. Mimi ni mtu wa Dar. Nenda ufukwe wa Ocean Road maji yakitoka, kule lile bomba la majitaka linakoelekea, uone mwani wa kijani ulivyostawi. Nenda mdomo wa Msimbazi. Sehemu safi huukuti wa kushiba, sehemu chafu umejaa. Sasa hicho ni chakula au ni kipimo cha choo?

---

#7 Mwana_wa_Bamvua

Mzee wa Feri, umenimalizia nusu ya uzi. Ni vyote viwili, na ndiyo hoja yenyewe.

Mwani huu hauchagui. Ukipewa maji yenye mbolea, ya shambani au ya chooni, unakula na kunenepa. Pamoja na mbolea unabeba na vingine: risasi, shaba, zinki. Nchi nyingi wanasayansi huukusanya makusudi kupima uchafu wa madini, kwa sababu jani lake linatunza kumbukumbu ya maji yaliyopita. Kwa hiyo wa Ocean Road, wa Msimbazi, wa bandarini, wa chini ya hoteli yenye bomba linaloingia baharini: usiule hata uoshwe mara kumi. Vijidudu vya tumbo unaweza kuviua kwa kupika, risasi haipikiki.

Na si mwamba wa Dar tu. Miaka ya 1990 watafiti walichunguza karibu na Mji Mkongwe, yanakomwagika majitaka, wakakuta ule mwani mgumu wa rangi ya waridi, unaotoa chokaa na kuunganisha matumbawe kama saruji, unapungua kadiri unavyosogelea bomba. Fosfati inauharibia ujenzi wake. Anayejenga anaondoka, anayetanda anabaki.

Kwa hiyo ukiniuliza mwani huu ni mzuri au mbaya, nitakuuliza umeukuta mwingi kiasi gani, na nani yuko juu ya mkondo.

---

#8 Mgeni_wa_Rennes

Habari za huko nyumbani. Nimeona Ufaransa imetajwa kwenye kichwa cha uzi, nikasema hapa siwezi kupita kimya. Naishi Bretagne, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, mwaka wa tisa sasa. Mimi ni mtu wa Tanga.

Huku wanaita "mawimbi ya kijani". Kuna ghuba, Saint-Brieuc, Lannion, Douarnenez, ambazo majira ya joto zinafunikwa. Mara ya kwanza nilipopelekwa ufukweni na wenyeji nilidhani wametandaza nyasi za mpira. Trekta zinasomba kwenda na kurudi, kuna kibao cha onyo, na hewani kuna kitu kama yai viza. Tangu miaka ya 1970 hali ni hiyo.

Sababu wanaijua wote. Mkoa huu unafuga zaidi ya nusu ya nguruwe wa Ufaransa nzima. Samadi inamwagwa mashambani, nitreti inashuka mtoni, mto unaingia ghuba yenye maji mafupi yenye joto. Mwani unasherehekea. Ukiwa hai hauna neno, watu wanaukanyaga pekupeku. Kasheshe inaanza ukirundikana: juu jua linaukausha unakuwa ganda, chini hakuna hewa, unaoza na kutengeneza haidrojeni salfaidi. Ukikanyaga lile ganda likapasuka, gesi inatoka yote mara moja. Ubaya wake, ikiwa kidogo unainusa, ikizidi pua inakufa ganzi, huisikii tena.

Mwaka 2009, huko Saint-Michel-en-Grève, farasi alizama kwenye tope la mwani huo akafa papo hapo. Aliyempanda akazimia, akaokolewa. Mwaka 2011 nguruwe pori 36 walikutwa wamekufa kwenye mlango wa mto mdogo uitwao Gouessant. Tangu hapo haikuwa tena habari ya watalii kulalamika harufu.

Cha kuchekesha ni kwamba kilomita chache kutoka hapo, upande wenye mkondo mkali na maji safi, kuna watu wanauvuna kwa mkono na kuuza mgahawani. Nimeula na samaki. Una ladha ya mchicha uliodondokea baharini. Siagi ikiwa nyingi, mtamu.

---

#9 Kiti_cha_Dirishani

Yaani majani yanaua farasi. Mihogo imenipalia.

---

#10 Mhitimu_wa_Qingdao

Nami niongeze la China kwa sababu nilisoma Qingdao. Mji ule ndio uliopewa mashindano ya mashua ya Olimpiki ya 2008. Wiki chache kabla, bahari ikageuka uwanja wa mpira. Walitolewa wanajeshi, wavuvi na watu wa kujitolea, zaidi ya 10,000, wakatoa zaidi ya tani milioni moja za mwani mbichi, na mashindano yakafanyika. Mimi nilifika miaka baadaye, na kila kiangazi unarudi. Watoto wanauchezea kama povu la sabuni, wazazi wanapiga picha.

Sasa sikilizeni chanzo, hasa Binti wa Paje amsomee mama. Mwani ule hauoti Qingdao. Unatoka kusini, pwani ya Jiangsu, ambako wakulima wanalima nori, ule mwani mweusi wa kufungia wali wa sushi. Nori hukaa kwenye kamba na nyavu zilizofungwa kwenye mianzi. Kwenye kamba hizo unaota mwani wa kijani kama mgeni asiyealikwa. Msimu ukiisha, Aprili na Mei, wanakwangua kamba na kuutupa baharini. Ule wa huko ni wa mirija yenye matawi, unashika mapovu ya hewa, hauzami. Unaelea kwenda kaskazini, njiani maji yana mbolea tele kutoka mitoni, joto linapanda, unazaliana ukiwa safarini. Ukifika Qingdao si ule uliokwanguliwa tena, ni wajukuu wake.

Na aina yake inaitwa Ulva prolifera. Mleta uzi angalia nyuma ya kipaketi chako. Aonori ya bei mbaya kabisa Japani, ile ya mto Shimanto kule Kochi, ni aina hiyohiyo.

---

#11 Mwana_wa_Bamvua

Mhitimu, umeniacha mdomo wazi. Nimekwenda jikoni kukichungulia kipaketi; nyuma kuna maandishi ya Kijapani tu, lakini picha ni ya mto.

Kwa hiyo jamii moja, tendo moja la kuambua kamba, na huku ni janga la taifa, huku ni Paje ambako jirani tu ndiye anayenuna. Tofauti ni maji. Upande wetu wa mashariki bahari kuu inaingia na kutoka mara mbili kwa siku, bamvua maji yanapanda na kushuka mita tatu hadi nne, na maji yenyewe ni maskini wa mbolea. Kipande anachokitupa mama kinaelea kwenda kwenye njaa, na kikipita kwa tasi safari imekwisha. Kingekuwa kinaelea kwenda kwenye mdomo wa mto uliojaa samadi, tungeimba wimbo mwingine.

Ndiyo maana mimi nikiona hoteli mpya inajengwa ufukweni, huwa naangalia kwanza shimo la choo liko wapi, kabla sijaangalia bwawa la kuogelea.

---

#12 Mfugaji_Kilifi

Hamjambo ndugu zangu wa kule. Mimi niko Kilifi, tunafuga mwatiko kwenye mabwawa nyuma ya mikoko. Nimepitia uzi wote, naona mmesahau upande mmoja: hiyo tabia ya kunyonya uchafu mnaweza kuifanya kazi.

Samaki akila, anatoa amonia. Maji ya bwawa ukiyaachia mkondoni yanaenda na amonia yake. Kule kwenu Unguja, Ghuba ya Makoba, watafiti Flower Msuya na Amir Neori walijaribu kuyapitisha maji ya mabwawa ya samaki kwenye mwani kabla hayajarudi baharini, wakachapisha mwaka 2002. Mmoja wa mwani walioutumia ni Ulva reticulata, huo wenye matundu kama wavu uliochakaa, mnaouona umenasa kwenye vigingi. Amonia ilipungua, oksijeni ikapanda, na tindikali ya maji ikatulia. Afrika Kusini wamelifanya biashara kamili: mashamba ya abaloni, yaani konokono wa baharini wa kuliwa, yanalima Ulva kwenye mabirika marefu yenye gurudumu la kuyazungusha maji. Mwani unasafisha maji, yanarudishwa kwa abaloni, na mwani wenyewe unavunwa abaloni wanalishwa. Mfereji na jiko ni kitu kimoja.

Mimi nilijaribu kienyeji, birika moja mdomoni mwa bwawa, nikatupia mwani niliookota. Wiki mbili ulikua vizuri sana. Ya tatu tulipata jua kali, maji yakapungua nisiangalie, nikaja asubuhi nakuta supu. Ulivyooza usiku uliimaliza oksijeni, na samaki waliokuwa karibu na mdomo wa bwawa walikuwa juu wanahema. Somo nililolipa: unaukamua kabla haujajaa. Ukiona umeanza kujilalia tabaka juu ya tabaka, umechelewa. Wa chini hapati mwanga, anakufa, na anaondoka na wa juu.

---

#13 Binti_wa_Paje

Mama anauliza swali moja tu: "Bei gani kilo?"

---

#14 Mwana_wa_Bamvua

Mwambie mama kweli tupu: kwa sasa hakuna mnunuzi. Spinosamu yake inanunuliwa kwa sababu ya karajinani, ile ya kugandisha dawa ya meno na maziwa ya chokoleti, na mwani wa kijani hauna karajinani. Una kitu chake kinaitwa ulvani ambacho maabara zinakichezea, lakini meli haiji Zanzibar kuchukua ulvani. Atakayemwambia aache kamba zake alime huu wa kijani apate utajiri, amfukuze.

Ila wa kula nyumbani, au wa kurundika shimoni na majani ya mgomba uwe mbolea ya bustani, haumgharimu kitu, maana tayari anauambua. Kwa mbolea auoshe chumvi kwanza, mvua mbili tatu zitamfanyia.

Sasa mapishi, maana wengine mko PM mnaniuliza. Nimejaribu mara nne.

Wa kuokota ni ulioshika jiwe ukiwa hai, kijani cha kung'aa, ukiuvuta unakuwa na mvuto kidogo kama puto. Uliolala mchangani acha. Wenye ukingo mweupe acha. Uoshe palepale kwa maji ya bahari, kwa sababu ukiuosha na maji baridi (yasiyo na chumvi) kwanza unalegea na mchanga unanasa ndani. Nyumbani maji baridi mara tatu, unausugua kati ya viganja kama unafua leso.

Mbichi: uukate vipande vyembamba, kitunguu maji, nyanya, ndimu ya kutosha, pilipili. Ule saa ileile. Ukikaa unatoa maji na ndimu inaukoza. Wa kupika: uingie kwenye tui mwisho kabisa, dakika moja, kama unavyofanya majani ya kunde machanga. Ukizidisha unageuka makamasi. Lakini mimi ninaoupenda ni mkavu: uanike kwenye ungo kivulini penye upepo, uvunjevunje, uuchanganye kwenye unga wa bajia. Mke wangu alikula nane kabla sijamwambia ni nini.

Chumvi usitie kabisa mpaka uonje. Wenye presha waangalie. Iodini anayo, ila si ya kutisha kama ile mwani mnene wa kahawia wanaochemshia supu Japani.

---

#15 Mzee_wa_Feri

Nimeujaribu, nakiri mbele ya jukwaa. Jumapili nilikuwa Mafia kikazi, nikauokota mwambani kwenye maji ya wazi, mbali na kijiji. Kichumbari. Mchanga mdomoni wa kutosha kujengea choo cha shimo, kosa langu, niliosha mara moja. Ila nyuma ya mchanga kulikuwa na kitu. Nitarudia.

Msimamo wangu wa Dar uko palepale.

---

#16 Kiti_cha_Dirishani

Na zile zabibu za bahari, zile kama shanga za kijani zinazopasuka mdomoni, ni huu huu? Nimeziona kwenye video.

---

#17 Mhitimu_wa_Qingdao

Hapana mkuu. Zile ni Caulerpa, kijani pia ila ukoo mwingine. Maajabu yake ni kinyume cha Ulva: Ulva ni seli nyingi zilizotandazwa unene wa mbili, Caulerpa mmea mzima ni seli moja, ndefu, yenye viini vingi ndani na haina ukuta wa kuigawa. Ufilipino wanaita lato, wanazilima kwenye mabwawa kule Cebu. Okinawa wanaita umibudo, wanachovya kwenye siki na soya. Usiziweke kwenye friji, zinanywea kama puto lililotobolewa. Pwani yetu kuna jamaa zake wa kutosha, ukipita kwenye mchanga wa miambani utaona vishada vya kijani vimetambaa. Tena hilo lingestahili uzi wake.

---

#18 Mwana_wa_Bamvua

Binti, nakuja Unguja ijumaa. Mwambie mama naomba anitunzie fungu moja la utakaotoka kwenye kamba zake, nitauanika mwenyewe. Bajia zitakuwa za kwangu, mafuta yangu.

---

#19 Binti_wa_Paje

Amecheka mpaka taitai zimemdondoka. Amesema: "Jumamosi maji yanatoka saa nne asubuhi. Asije na viatu vya mjini, aje na kapu. Na wa kamba sikupi, ule umegusana na kamba za plastiki na vumbi lake. Nitakupeleka mwambani kwenyewe, kule mbele ya mstari wa mwisho wa vigingi, ambako tasi wanalala. Lakini kwanza utaniambulia kamba tatu."